Unene Wangu na Mabeberu Wawili wa Bi Mize

Naanza na mizani, maana najua ndiyo unayoiogopa. Siku nilipoanza kumeza vidonge nilikuwa na kilo arubaini na sita. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa na sabini na nane. Kama unasoma haya huku kidonge chako kiko kiganjani, unajiuliza ukimeze au ukitie chooni, basi jua mapema kwamba sikuja kukubembeleza. Wengine hawaongezeki hata ratili. Mimi niliongezeka, na nitakueleza ilivyokuwa.

Kazi yangu ni kukata tiketi za boti bandarini Malindi, hii ya kisiwani kwetu. Kutwa nimekaa nyuma ya kioo, abiria ananiona kuanzia kifuani kwenda juu. Pembeni yetu kuna mizani ya mizigo, ile ya kupimia magunia na maboksi, na hapo ndipo nilipokuwa nikijipima asubuhi kabla ya boti ya kwanza. Mpima mizigo aligeuka upande wa pili kwa adabu zake, akajifanya anatafuta kalamu. Hajawahi kuniuliza kitu, nami sijawahi kumweleza.

Ugonjwa ulinikuta baada ya arubaini ya kumzaa mwanangu Ilham. Wageni walishaondoka, vyombo vya watu vimerudishwa, na mie badala ya kupata nguvu nikazidi kuzama. Watu wanadhani huzuni ni kulia. Mie hata hilo la kulia sikuwa nalo. Nilimnyonyesha mtoto kama mtu anayefunga bomba na kufungua. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Masika yakaisha, kipupwe kikapita chote, nami nguo zangu zikawa zinanipwaya hata kanga haikai kiunoni.

Mume wangu Haji ni fundi umeme, anafunga nyaya kwenye mahoteli ya kaskazini, na pengine hukaa huko siku tano sita asirudi. Tunaishi Bububu kwa mama yake, Bi Mize. Huyo mavyaa wangu ni mtu wa Tumbatu, mfupi, mwepesi, hapendi maneno mengi lakini macho yake hayapitwi na kitu. Kwanza walinipeleka kwenye kisomo. Nilisomewa, nikanywa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani, wala sisemi vibaya, nilipata utulivu wa siku mbili tatu. Halafu nikarudi pale pale. Ndipo Haji akanichukua kliniki bila ya kumwambia mtu.

Kliniki yenyewe ilikuwa na mabenchi matatu na feni moja inayozunguka kwa hiari yake. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, unaitwa saa tano. Nimeona pale wanawake ambao maisha yao yote hawajavaa nikabu, lakini siku ya kliniki wamejifunika mpaka kope. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tulikaa tukitazama ukuta kana kwamba pana tamthilia inaonyeshwa. Muuguzi mmoja, Mungu ampe kheri zake, alikuwa haiti majina, anaita namba. Sijui kama alijua alichokuwa akitufanyia. Mie mpaka leo namuombea.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka Pemba, mtu asiye na haraka. Alinisikiliza, akaniambia ugonjwa wangu una jina, unaitwa sonona, na una dawa. Kidonge kimoja kila asubuhi, na nisitarajie kitu kabla ya wiki kadhaa. Akasema tena kwamba kwa wakati ule nisibebe mimba, niupe mwili nafasi. Tukakubaliana sindano ya miezi mitatu. Haji alikuwepo, akaitikia kwa kichwa.

Tulipotoka nje akasimama kivulini.

"Mama usimwambie," akasema.

"La vidonge au la sindano?"

"Yote mawili."

Nilimwelewa. Bi Mize ana mtoto wa kiume mmoja tu, na alikuwa akitaka mjukuu wa kiume kabla hajafa. Hilo la kufa amelisema tangu mie sijaolewa. Nikatia vidonge ndani ya kopo la hina na kadi ya sindano chini ya karatasi ya kabati, na maisha yakaendelea.

Sindano ya kwanza nilichomwa mvua za vuli zinaanza. Wiki ya tano au ya sita ya vidonge, nilikuwa nimelala, nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga kutoka jikoni, nikataka kula. Nilikaa kitako kitandani kwa mshangao. Nilikwenda nikala samaki changu mzima na muhogo wa nazi, nikaomba tena. Bi Mize alinipakulia, nami nikamwona akijifuta jicho kwa ncha ya kanga. Siku ile ile jioni Ilham alicheka, nami nikacheka. Niliusikia mlio wa kicheko changu nikaona ni wa mtu ninayemjua.

Ningependa kusema hadithi imeishia hapo. Njaa ile lakini haikujua pa kusimama. Nilikula, nikashiba, na baada ya saa moja nikawa nasimama mbele ya kabati natafuta mkate. Sindano ya pili ilinikuta na kilo hamsini na nane, na watu wote wakafurahi, mimi pia. Mwezi wa Ramadhani nilimeza kidonge changu wakati wa daku, na kwa mara ya kwanza maishani nikanenepa ndani ya mwezi wa kufunga. Sindano ya tatu, masika, sitini na tano. Ya nne, kipupwe, sabini na moja.

Mwili ulibadilika kwa mpangilio wake. Kwanza uso, ukawa mviringo. Halafu mikono. Pete ya ndoa ilikwama kidoleni mpaka kidole kikawa zambarau, Haji akaikata kwa koleo zake za umeme huku akiomba radhi, sijui akimwomba nani. Mapaja yakawa yanasuguana na kuchubuka, nikawa napaka poda kila asubuhi. Koti la sare ya kazini fundi aliliachia pindo mara mbili, mara ya tatu akaniambia, "Dada, kitambaa kimekwisha." Usiku nilikuwa nikijigeuza nasikia uzito wa tumbo unafuata nyuma, umechelewa kidogo. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa najitazama tu kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikijengwa.

Kwetu lakini unene hauambiwi pole. Unaambiwa mashaallah. Kila aliyenikuta njiani alinambia nimenawiri, mume ananitunza, nyumba ina baraka. Ndugu wa Mtoni walipokuja walimpa mkono Bi Mize kwa kunilisha vizuri. Ningewaambia nini? Nikasema ahsante.

Sasa nikueleze jambo la nyumba ile, na nyumba nyingi za kwetu. Mimba haitajwi. Hata iwe inaonekana kutoka barabarani, hakuna anayeuliza, hakuna anayetangaza, kwa kuogopa kijicho. Watu wanajua, wanafanya yanayopasa, na midomo imefungwa mpaka kitoto kilie. Ni adabu nzuri, nimelelewa nayo. Ila haina pa kutokea kwa mwanamke ambaye hana mimba.

Ilianza na ndoo. Nilikuwa nachota maji, Bi Mize akaja akaichukua mkononi mwangu bila ya neno. Nikadhani ni huruma. Kesho yake nikakuta sahani ya embe mbichi na pilipili juu ya mto wangu. Nikala, maana nilikuwa nakula kila kitu. Kwenye hitma moja Mtoni mwanamke mtu mzima aliinuka akanipisha kwenye kiti, mwengine akanitilia mto mgongoni, na wa tatu akanitazama tumbo akatabasamu chini. Hapo ndipo akili iliponifungukia. Nilikaa na mto wangu mgongoni mpaka hitma ikaisha.

Usiku ule nilimwambia Haji kwenye simu.

"Wamekuuliza?"

"Hawajaniuliza. Wananipa embe."

"Basi wewe nyamaza. Si hawajauliza."

Nilikasirika naye, lakini mie mwenyewe sikuwa na njia bora. Kumkana mtu jambo ambalo hakulisema ni utovu wa adabu, na kusema "sina mimba" bila ya kuulizwa ni kama kuapiza. Na nikishasema, swali linalofuata ni jepesi: basi unene huu ni wa nini? Jibu lake liko ndani ya kopo la hina. Nikanyamaza. Na kadiri nilivyonyamaza ndivyo mimba yangu ilivyokua.

Vuli iliporudi Bi Mize alikwenda Mwanakwerekwe, akarudi na mabeberu wawili kwenye gari ya mizigo. Akawafunga nyuma ya nyumba, akawa anawakatia majani kila asubuhi na kuwasemesha. Akika ya mtoto wa kike, ile ya kuchinja akishazaliwa, ni mbuzi mmoja. Ya mtoto wa kiume ni wawili. Nilisimama kwenye dirisha la jikoni nikawahesabu, moja, mbili, nikarudia kuwahesabu. Kilo zangu siku ile zilikuwa sabini na nane.

Nikafanya uamuzi ambao nilidhani ni wa akili sana. Nikaacha kila kitu. Sindano ya tano sikwenda kuchomwa. Kopo la hina nikalifunga nikalitia juu ya kabati. Nilijipigia hesabu kwamba nikiacha vidonge nitapungua, na nikiacha sindano nitashika mimba kweli, na hata kama miezi haitolingana, kina mama watajifanya hawajui kuhesabu. Sikumwambia daktari. Sikumwambia Haji. Nilikuwa nimepona, nilijiambia, dawa ya nini tena kwa mtu aliyepona.

Wiki ya kwanza kichwa kilikuwa kikinipiga shoti kila nikigeuza macho, na usingizi ukawa mwembamba. Nikavumilia. Mwezi wa kwanza ulipokwisha nilikuwa nimepungua kilo mbili, nikafurahi. Mwezi wa pili nilipungua sita, na sikufurahi kwa sababu nilikuwa siwezi tena kufurahi. Chakula kikarudia ladha ya karatasi. Kazini nilimkatia mtu tiketi ya jana. Nikaomba ruhusa ya ugonjwa nikarudi kitandani, na kilichonishangaza ni kwamba kitanda kilikuwa kinanijua.

Siku yenyewe ilikuwa ya kaskazi, joto la mchana, baada ya adhuhuri. Haji alikuwa kazini kaskazini. Bi Mize alikuwa nyuma anawanywesha mabeberu. Mie nilikuwa kitandani na Ilham chini kwenye mkeka, mwaka mmoja na miezi minane, anacheza na kikombe cha plastiki. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Nyumba yetu na barabara kuu zimetenganishwa na hatua thelathini, labda arubaini za mtoto.

Bi Mize alikwenda kununua chumvi akamkuta ukingoni mwa lami, kikombe mkononi, magari yanapita. Dereva mmoja alikuwa ameshasimamisha gari. Mtoto hakuwa na hata mchubuko. Bi Mize aliingia naye chumbani amemkumbatia kwa mikono miwili, ushungi umemtoka kichwani, jambo ambalo sijawahi kuliona. Majirani walijaa mlangoni.

"Alipitiwa na usingizi," Bi Mize akawaambia. "Nendeni, alipitiwa na usingizi."

Wakaenda. Akafunga mlango, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na Ilham mapajani. Aliniangalia mashavu yaliyobonyea, akaniangalia tumbo.

"Mwanangu, imeharibika?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuigusia.

"Haikuwepo, mama," nikasema. "Haijawahi kuwepo."

Nikainuka nikateremsha kopo la hina, nikatoa na kadi chini ya karatasi ya kabati, nikamwekea vyote pembeni yake. Nikamweleza. Sikulia, sikuwa na nguvu hiyo. Alikigeuza kibati cha vidonge mkononi, akahesabu vilivyobaki kwa kidole.

"Haji anajua?"

"Anajua kwamba nnameza. Hajui kama nimeacha."

Nilingoja matusi, na kusema kweli ningeyapokea.

"Mie nilikuwa na dada yangu, Tatu," akasema. "Alipozaa wa pili akawa kama weye ulivyo sasa. Tulimfungia chumbani kwa kamba, Mkokotoni, mie mwenyewe nilishika mguu mmoja. Hapana mtu aliyetupa kidonge. Alikufa kwenye chumba kile." Akaninyooshea kibati. "Hiki kinamezwa kabla ya kula au baada?"

"Baada, mama."

"Basi ngoja nikupikie uji."

Kesho yake tulikuwa kliniki, yeye na mie, na Ilham mapajani. Daktari hakunifokea. Aliniambia vidonge hivi haviachwi kwa siku moja, hupunguzwa kidogo kidogo, naye akijua. Akasema unene wangu alikuwa akiuona, na laiti ningemwambia kwamba unanisumbua angekuwa na la kufanya. Hilo liliniuma, kwa sababu mwaka mzima aliniuliza "hujambo?" nami nikamjibu "sijambo" kwa mazoea. Basi weye ukiulizwa, sema. Hakuna daktari anayekisia.

Tulianza upya, kwa dozi ndogo. Badala ya sindano nikatiwa kitanzi, na baada ya miezi kadhaa akanibadilishia na kidonge chenyewe. Kilo zilipanda mpaka themanini kabla hazijaanza kushuka, na zilishuka kwa mwendo wa kobe. Nilikuwa natembea mpaka Mtoni na kurudi jioni, nikirudi napaka poda. Leo nina sabini na tatu. Arubaini na sita sizitaki, zile zilikuwa kilo za maiti. Hamsini na tano zangu za usichana nimeziaga. Zipo siku naziwaza nikaona hasira, nisikufiche, hasa nikiziona picha za harusi yangu.

Bi Mize hakusema na mwanawe mpaka Idi Kubwa, na mabeberu aliwachinja siku hiyo hiyo, nyama akaigawa mtaa mzima. Mambo yangu na Haji yamekaa sawa kwa kiasi. Alisema alikuwa akinilinda na maneno ya watu. Nilimjibu kwamba maneno ya watu hayajamfikisha mtoto wangu barabarani, kimya chake na changu ndivyo vilivyomfikisha. Siku hizi hatoki kwenda kazini kabla ya kuniuliza kama nimemeza.

Kipupwe hiki nilikuwa kliniki nangoja namba yangu. Nikabu siku hizi sivai. Akaja kukaa pembeni yangu msichana mmoja na kichanga cha miezi mitatu hivi, mikono yake imekuwa vijiti. Alikuwa ameshika kibati kipya hata hajakifungua. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akadhani simuoni.

"Dada, samahani. Ati hizi zinanenepesha kweli?"

"Mie zimeninenepesha. Weye sijui."

Akaangalia kibati, akaangalia mapaja yangu yalivyojaa benchi.

"Mbona basi hujaacha?"

"Niliacha."

Na nikamwambia jambo ambalo sijamwambia Haji, wala daktari, wala Bi Mize, ingawa huyo nadhani alilijua tangu pale alipowajibu majirani mlangoni. Nilimwambia kwamba siku ile sikuwa nimelala. Macho yangu yalikuwa wazi. Nilimwona mwanangu akisimama na kikombe chake, nikamwona akivuka kizingiti, nikaisikia miguu yake kwenye mchanga ikielekea barabarani. Nilijua anakwenda wapi. Nikageukia ukuta.

Namba ya msichana ikaitwa. Akasimama, akamweka mwanawe mikononi mwangu ili apate mkono wa pili, akakifungua kibati.